Yasiyoingia Kwenye Mukhtasari

Mimi ndiye niliyeandika mukhtasari wa kikao kile.
Julai, Arusha, baridi ya kushika kalamu kwa mikono miwili,
Meru umejifunika ukungu hadi kidevuni
kama mgonjwa anayesubiri kuitwa.

Niliandika: kikao kilifunguliwa saa nne na robo.
Sikuandika kwamba kilipaswa kuanza saa mbili,
wala kwamba mgeni rasmi alisema kidole kimoja hakivunji chawa,
tukapiga makofi,
na hakuna aliyeuliza chawa mwenyewe ni nani.

Idara tano, meza moja,
kila moja na faili lake na chupa yake ya maji ya dukani.

Afya wakasoma: mvulana, miaka kumi na mmoja, miguu imepinda,
amepewa dawa ya maumivu, arudi baada ya mwezi.
Elimu wakasoma: mtoro, siku arobaini na tatu.
Maji wakasoma: kisima, Ngarenanyuki,
pampu nzima, hakuna malalamiko.
Ustawi wa Jamii: mama mjane, kibarua wa nyanya,
ametembelewa mara mbili, hakukutwa.
Barabara hawakuwa na mtoto yeyote.
Walikuwa na daraja lililochukuliwa na masika
na kilomita tisa za kuzunguka kwenda zahanati.

Mkono wangu ulikuwa ukikimbia mbele ya akili
hadi nilipoona:
Loishiye Mbise.
Roishie Mbise.
Loishie E. Mbise.
Herufi zimepigana vikumbo,
mtoto ni yuleyule.

Katibu haongei kikaoni, ndiyo kanuni.
Nikasema, "Samahani, Mwenyekiti,
huyu mtoro, na huyu mgonjwa, na huyu wa mjane,
wanalala kitanda kimoja."

Mtu akarudisha sambusa kwenye sahani.

Bwana Saitabau wa Maji akavua miwani.
"Fomu yetu inauliza kama maji yanatoka," akasema.
"Haiulizi yana nini ndani."
Muuguzi Ndeshi Pallangyo akajibu, taratibu,
kama anayetoa sindano:
"Yangu inauliza anaumwa wapi.
Haiulizi anakunywa nini."
Na yule binti wa Ustawi, kwa sauti ya kujisuta:
"Nilikwenda saa nne asubuhi.
Kibarua gani wa nyanya yuko nyumbani saa nne?"

Floraidi. Neno hilo Elirehema Mbise halijui.
Anajua maji yake ni laini ulimini,
maharage huiva upesi,
na watoto wa kule hucheka
wakiziba midomo kwa kiganja
ili meno ya kahawia yasionekane.

Usidhani tulitoka pale tukiwa ndugu.
Ilikuwa mwaka na nusu, barua juu ya barua,
mhuri uliopotea, dereva bila mafuta,
Barabara na Maji wakigombana nani achimbe mtaro
hadi mtaro ukachimbwa na wote wawili,
huku umepinda kidogo pale walipokutana.
Elimu walikuwa na tangi lililokaa tupu tangu msaada fulani.
Ustawi wakaandika orodha ya nyumba zisizoweza kulipa bili,
na safari hii walikwenda jioni.
Maji yakashuka kutoka chemchemi ya juu, matamu, yasiyo na sifa.

Miguu ya Loishiye haikunyooka.

Nasema hivyo kwa sababu siku ya makabidhiano
hakuna aliyesema.
Alikuja mwenyewe kwa fimbo, akakinga kikombe, akanywa,
akatazama ndani ya kikombe kama anayetafuta kitu alichodanganywa kimo.

Mdogo wake, Naini, wa darasa la kwanza,
akanijia bila kuitwa na kufungua mdomo wote.
Jino la mbele, jipya,
makali yake bado yana vipembe kama msumeno,
jeupe kama punje ya hindi bichi.
Akacheka. Mikono yote miwili
ilikuwa nyuma ya mgongo.

Kwenye fomu ya makabidhiano
hakuna mahali pa kuandika jino.
Nimeandika pembeni.